Taa ya cheki injini imewaka na gari limekata nguvu mlimani: pa kuanzia

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mbeya, upande wa Mafiati. Magari ninayoletewa ni ya umri ule ule: Corolla 110, Carina Ti, Spacio, IST, Noah za zamani, Mark II. Malalamiko nayo ni mawili, na mara nyingi yanakuja pamoja: taa ya cheki injini imewaka, na gari limekata nguvu. Wengi wanafika wameshanunua kitu. Sensa ya oksijeni, plagi, koili, na wapo wanaokuja wakiwa wameshaulizia bei ya injini ya mtumba. Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa kufuata kabla mkono haujaingia mfukoni.

Kwanza hakikisha gari linaumwa kweli. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku umepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya petroli isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, basi. Hata ikiwa nzima kabisa, nguvu zake zinapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Mtu anatoka Dar na IST, watu wanne na mizigo, anapanda Kitonga anaona gari linachoka, anapita Mafinga na Makambako, na akiingia Uyole ameshaamini injini imekufa. Haijafa. Akishuka Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi, atashangaa gari limejiponya. Upungufu wa namna hii upo kila siku, hauji kwa kushtukiza, na hauwashi taa yoyote. Wenye dizeli za tabo hawauhisi sana, ndiyo maana wanatucheka.

Jambo la pili ni kujua kama tatizo ni la injini. Tazama mshale wa mizunguko. Ukikanyaga mafuta ukapanda mpaka 4,000 lakini gari haliongezi mwendo, hiyo ni klachi au giaboksi, injini iache. Mshale wenyewe ukigoma kupanda, hapo ndipo penye habari yetu. Halafu simama mahali salama, shuka, pitisha kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki imekamata. Nimeona watu wakibadilisha plagi seti nzima kwa sababu ya kalipa iliyoganda.

Sasa taa yenyewe. Fungua swichi bila kupiga stata: taa ya cheki injini lazima iwake pamoja na zile nyingine, kisha izime muda mfupi baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa pale kwenye swichi, usifurahi. Ama balbu imeungua, ama kuna aliyeiziba ili gari liuzike. Ukienda kukagua gari la mkononi, hilo liwe jaribio lako la kwanza, na linakwisha kabla hamjamaliza kusalimiana.

Ikiwaka na kutulia, na gari linaendeshwa kama kawaida, huna haja ya kusimama katikati ya barabara. Punguza mwendo, fika uendako, kisha lipeleke likapimwe. Ikiwa inapepesa na injini inatetemeka, hiyo ni misi kali, yaani kuna silinda isiyounguza petroli yake. Petroli isiyoungua ndani ya silinda inakwenda kuungulia ndani ya masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi), na masega yakipata moto wa namna hiyo yanayeyuka. Toa mguu kwenye mafuta mara moja, tembea polepole mpaka pa kuegesha, uzime. Na kama iliyowaka ni taa nyekundu ya oili, au mshale wa joto umepanda juu, hayo ni mambo mengine kabisa: zima injini hapo hapo, hata kama umebakiza mita chache kufika nyumbani.

Nguvu zikikatika ukiwa Mlima Nyoka, Kitonga au Senjele, mambo ya ufundi yasubiri, kwa sababu nyuma yako kuna lori lenye kontena linalokwenda Tunduma. Washa indiketa zote, vuta kushoto wakati gari bado lina mwendo. Injini ikizima kabisa usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Kwa hiyo ikanyage mara moja, kwa nguvu, bila kuipampu. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, toa pembetatu uiweke mbali, na kabla ya kona kama kuna kona. Matawi ya miti yanasaidia pia, madereva wa malori wanayaelewa vizuri. Usijaribu kurudi kinyumenyume na gia ikiwa huru.

Ukishakuwa salama, chukua simu uandike. Gari lilikuwa la moto au la baridi? Mlimani au tambarare? Mvua ilikuwepo? Tenki lilikuwa na mafuta kiasi gani? Nguvu zilikatika zote kwa mpigo, au zilikuwa zinakuja na kuondoka? Ulipozima na kuwasha tena zilirudi? Majibu hayo yananisaidia kuliko mashine yangu.

Ninaomba jambo moja: usikate betri ili kuzima taa. Kompyuta ya gari inapowasha ile taa inahifadhi namba ya kosa, na kwenye magari mengi inahifadhi pia hali ya injini ilivyokuwa wakati ule: joto, mizunguko, mwendo, mzigo. Ukikata betri taa inazima, ushahidi unapotea, na gari linarudi barabarani likiwa na ugonjwa wake. Kuna mafundi wanalipwa kwa kazi hiyo tu. Mteja anaondoka anashukuru, anafika Iyunga taa imerudi.

Namba inasomwaje? Magari yenye soketi ya kupimia chini ya usukani yanasomwa kwa mashine. Vile vifaa vidogo vya bluutuzi vya kuunganisha na simu ni vizuri, ila fahamu kwamba Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazielewani navyo. Kifaa kikigoma kuunganika, usikimbilie kusema kompyuta ya gari imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japani.

Toyota za miaka ya 1990 hazihitaji hata mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na kwenye mfuniko wake, upande wa ndani, kuna mchoro wa matundu. Tafuta TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande kifupi cha waya, halafu fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka kwa mfululizo usiobadilika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Vinginevyo hesabu: mara tatu, kituo kidogo, mara moja, hiyo ni 31. Namba 14 inahusu mfumo wa kuwasha cheche, 22 sensa ya joto la maji, 31 sensa ya hewa inayoingia, 41 sensa ya mguu wa mafuta kwenye throto, 52 sensa ya kugonga kwa injini. Matundu usiyakosee. Ukiunganisha yasiyohusika unaweza kuunguza kitu, kwa hiyo kama mchoro umefutika waachie wanaoyafahamu.

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Namba inakuambia upande wa kutazama, haikuambii ununue nini. Chukua P0171, ambayo maana yake hewa imezidi petroli. Mtu anasikia kwamba taarifa hiyo imetoka kwenye sensa ya oksijeni, ananunua sensa ya oksijeni. Mjumbe hauawi! Sensa imefanya kazi yake. Hewa inaweza kuwa inapenya kwenye mpira uliopasuka baada ya kichujio, gasketi ya manifoldi inaweza kuwa imechoka, au petroli ndiyo haiji ya kutosha. P0300 ni misi isiyo na silinda maalumu, P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda. P0335 ni sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini. P0420 ni masega yasiyofanya kazi vizuri. Zote ni mahali pa kuanzia.

Kinachofuata kinategemea tatizo linakuja lini.

Gari linalotetemeka, linakosa sailensa (injini haitulii gari likiwa limesimama), linatoa harufu ya petroli mbichi nyuma, lina misi. Kwenye IST na wenzake kila plagi ina koili yake, na hapo kuna jaribio lisilo na gharama. Mama mmoja wa Uyole aliniletea yake taa ikipepesa, mashine ikasema P0302. Nikafungua koili ya silinda ya pili, bolti moja ya spana namba kumi tu, nikaihamishia ya tatu, na ya tatu nikaileta ya pili. Nikafuta kosa, tukazunguka kidogo. Taa ikarudi na P0303. Kosa limehama na koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu. Tukabadilisha moja tu. Lingebaki kwenye silinda ya pili, ningetazama plagi, kisha nozeli, kisha mgandamizo wa silinda. Ukichomoa koili tazama na kile kishimo: kikiwa na maji, kuna aliyeosha injini kwa presha, kikiwa na oili, gasketi ya mfuniko wa juu imechoka, na koili mpya utakayoweka itakufa vile vile.

Corolla za distributa (kile kigawa umeme kwenda kwenye waya za plagi) zina ugonjwa wao, na ukungu wa Tukuyu unaujua. Asubuhi gari linakohoa, jua likitoka linapona. Usubiri usiku, washa injini, fungua boneti, nyunyizia maji kidogo sana kwenye waya za plagi kwa chupa ya kupulizia. Zikiwa zimechoka utaona cheche za bluu zikirukaruka juu ya waya. Mikono ikae mbali, umeme ule unapiga.

Sasa gari ambalo tambarare linakwenda vizuri, likianza kupanda na mzigo linaishiwa, halafu taa haijawaka kabisa. Hili ndilo linalosumbua watu kuliko yote, kwa sababu mashine inasema hakuna kosa na mteja anaonekana mzushi. Mzee mmoja wa Tukuyu mwenye Carina Ti alikuwa nalo. Akipakia ndizi na kutoka Kiwira kupandisha Isyonje, gari linabaki na mwendo wa baiskeli. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi, waya na sensa ya oksijeni. Mimi nilifunga geji ya presha kwenye njia ya petroli, nikaipitisha mpira chini ya boneti mpaka juu, nikaibana kwa solotepu kwenye kioo cha mbele kwa nje ili niione nikiwa nimekaa. Pale gereji ilisoma karibu baa 3, sawa kabisa. Tukapakia mifuko ya mchanga, tukatoka Uyole kupandisha. Mguu ulipozama, mshale wa geji ukaanza kushuka, ukavuka 2, na gari likashuka nao. Tulipofungua tenki, chujio la pampu lilikuwa limevaa tope jeusi na pampu yenyewe imechoka kulivuta. Mzee akakiri petroli ya madumu alikuwa akinunua mara kwa mara. Pampu, chujio, filta, na tenki kuoshwa. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akaniuliza nani atamrudishia pesa ya ile sensa.

Bila geji unaweza kuanza kwa sikio. Fungua swichi bila kuwasha, mwenzako aweke sikio karibu na siti ya nyuma au tenki. Kwenye magari mengi pampu inalia sekunde mbili hivi kisha inanyamaza. Ila Toyota nyingi za zamani pampu hailii mpaka upige stata, kwa hiyo ukimya peke yake usiuchukulie kama hukumu. Na ukitaka kufungua bomba lolote la petroli, shusha presha kwanza: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, acha injini izime yenyewe. Sigara na simu ya mtu anayepigapiga picha zikae mbali.

Gari ambalo nguvu zimepungua wiki baada ya wiki, kisha siku moja halivuki hata kilomita 60 kwa saa, na chini ya miguu ya abiria kuna joto lisilo la kawaida: angalia masega. Yakiziba, moshi hauna pa kutokea na injini inajikaba yenyewe. Fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, waya wake uubane mbali na moto, kisha endesha umbali mfupi. Kutakuwa na kelele na taa itawaka, lakini kama nguvu zimerudi kupitia kile kitundu kidogo, jibu umelipata. Fanya hivyo kwa dakika chache tu, maana moshi ule una moto wa kuunguza waya zilizo jirani.

Wengi wakisikia masega wanataka yatobolewe na mambo yaishe. Sikubaliani nao, na si kwa sababu ya moshi tu. Masega hayazibi bila sababu. Injini ilikuwa inakula oili au ilikuwa na misi ya muda mrefu, na ugonjwa huo bado umo. Isitoshe, gari lenye sensa mbele na nyuma ya masega litaendelea kuwasha taa, na siku taa itakapowaka kwa jambo zito hutajua.

Kuna linalozima ghafla likiwa la moto, halitaki kuwaka, halafu baada ya kupumzika nusu saa linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya kranki, na kwenye magari ya distributa ni ile pikapu (koili ndogo ya kunasa mzunguko) ya ndani ya distributa, au igniza, kifaa kinachokata na kuunga umeme wa koili. Kifaa cha namna hii kikipata joto waya wake wa ndani unaachana, kikipoa unarudi. Likigoma likiwa la moto, mwagia sensa maji ya baridi kidogo. Likiwaka, umempata. Tatizo lake ni kwamba gereji gari likiwa limepoa linapima vizuri, kwa hiyo mwambie fundi wako alichemshe kwanza.

Injini za VVT (zinazobadilisha muda wa vali kwa presha ya oili) zina jambo la haraka: oili nyeusi iliyokaa muda mrefu inaziba kile kichujio kidogo cha vali ya kupitishia oili, nguvu zinapungua, na Toyota za kipindi kile zinaandika P1349. Badilisha oili na filta, osha kichujio hicho, ndipo uzungumzie vali. Filta ya hewa, nayo, itoe tu uitazame. Kwa waliotoka Ubaruku au Makongorosi kiangazi, vumbi litakujibu lenyewe.

Mwisho kuna ethi. Magari yanayolala mvuani Rungwe yanaota kutu kwenye waya wa ethi unaotoka betri kwenda bodi na injini, na matokeo yake ni ya ajabu: namba za sensa tatu nne kwa mpigo, taa zinafifia, gia zinapiga. Washa taa kubwa na feni, weka mita waya mmoja kwenye ncha ya hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, fungua, kwangua, funga upya. Halafu pima betri injini ikiwa inaunguruma: iwe kati ya 13.5 na 14.5. Nikikuta makosa mengi yasiyo na undugu, hapa ndipo ninapoanza, kabla ya sensa yoyote.

Ukishatengeneza, kosa lifutwe kwa mashine na gari lirudishwe kwenye hali ile ile iliyolitesa. Lililokuwa linakata nguvu likiwa na mzigo lipandishwe na mzigo. Kulizungusha tupu Kabwe mpaka Mwanjelwa hakuthibitishi kitu. Fundi apande nawe. Malipo ya kupima yajadiliwe peke yake, mbali na malipo ya spea, ili asiwe na haraka ya kukuuzia kitu ndipo apate chake. Na kila kilichotolewa kwenye gari lako, kibovu au kizima, kidai ukiweke kwenye buti. Koili nyingi zinazoitwa mbovu zinakuja kuuzwa kwa mtu mwingine wiki inayofuata.